Nyama Isiyo na Muhuri

Chukua mfano wa kijana wa miaka 24, mchimbaji mdogo wa dhahabu, anayeingia katika zahanati ya kijiji kimoja cha Kata ya Buhemba, wilayani Butiama, akiwa ameufunga mkono wake wa kulia kwa kitambaa. Siku nne zilizopita alitokwa na kipele kilichowasha kana kwamba ameumwa na mdudu. Kipele kikawa lengelenge, lengelenge likapasuka, na sasa mahali pake pana kidonda chenye kigaga cheusi katikati, huku uvimbe ukiwa umepanda hadi karibu na kiwiko. Ajabu ni kwamba kidonda hicho hakimuumi. Mhudumu anakisafisha, anampa dawa ya kupaka pamoja na vidonge vya kutuliza maumivu asiyokuwa nayo, kisha anamwita mgonjwa anayefuata. Swali moja halikuulizwa: katika wiki iliyopita, kijana huyu alishika nyama gani, na nyama hiyo ilitoka wapi?

Kijana huyo ni wa kubuni, lakini kidonda chake si cha kubuni. Kidonda kisichouma, chenye kigaga cheusi na uvimbe usiolingana na ukubwa wake, ndiyo sura ya kimeta cha ngozi, na zaidi ya asilimia 95 ya wagonjwa wote wa kimeta duniani hupatwa na aina hiyo. Bakteria wanaosababisha kimeta huingia kupitia mkwaruzo mdogo wa ngozi wakati mtu anapochuna, anapokata au anapobeba nyama na ngozi ya mnyama aliyekufa kwa ugonjwa huo. Dalili huanza kati ya siku ya kwanza na ya saba baada ya mguso. Asipopata dawa, mgonjwa mmoja au wawili kati ya kumi wanaweza kufa. Akipewa antibaiotiki mapema, kifo huwa nadra sana. Aina ya tumbo, ambayo humpata aliyekula nyama hiyo, ni kali zaidi. Huanza kwa homa, kichefuchefu na maumivu ya tumbo ambayo mhudumu yeyote wa Kanda ya Ziwa angeyadhania kuwa malaria au taifodi, kisha huweza kuendelea hadi kutapika damu, kuharisha damu na tumbo kujaa maji. Kwa aina hii, vifo huhesabiwa kati ya robo na zaidi ya nusu ya wagonjwa.

Buhemba hujulikana zaidi kwa dhahabu. Mgodi wake ulianza tangu enzi za ukoloni, na hadi leo wachimbaji wadogo wanaendelea kuitafuta riziki yao katika eneo hilo. Penye wachimbaji pana fedha ya papo kwa papo, na penye fedha hiyo pana majiko ya mama lishe, supu ya asubuhi na nyama choma ya jioni. Nyama inayofika katika majiko hayo inaweza kuwa na asili nne tofauti. Inaweza kuwa ya ng'ombe aliyechinjwa machinjioni, akakaguliwa na mtaalamu wa mifugo kabla na baada ya kuchinjwa, na kugongwa muhuri. Inaweza kuwa ya ng'ombe aliyekutwa amekufa zizini alfajiri, yaani kibudu, ambacho mwenyewe ameona ni heri akiuze kwa nusu bei kuliko kukizika. Inaweza kuwa nyamapori iliyotoka upande wa Serengeti, mbichi au iliyokaushwa. Na inaweza kuwa ya mnyama aliyevuka mpaka bila kuonekana na mtu yeyote aliyepaswa kumwona. Ikishakatwa vipande na kuingia katika sufuria, zote nne hufanana.

Ramani ya Mkoa wa Mara inaeleza sehemu kubwa ya tatizo hili. Kaskazini kuna Kenya, magharibi kuna Ziwa Viktoria, na mashariki kuna Hifadhi ya Taifa ya Serengeti. Barabara kuu inayoingia nchini kupitia Sirari hupita Tarime, huvuka Mto Mara katika daraja la Kirumi, na kufika Makutano ambapo huchepuka njia ya Butiama na Buhemba. Sirari ina kituo cha pamoja cha mpakani, na jirani yake wa upande wa Kenya ni Isebania, katika Kaunti ya Migori. Lakini pembeni mwa kituo hicho kuna mashamba, vijito na vichochoro ambavyo watu wa Tarime na Rorya wamevipita tangu kabla mpaka haujachorwa. Wakurya wanaishi pande zote mbili, Wajaluo vilevile. Mtu huvuka kwenda kumwona shangazi yake, naye akirudi huenda amebeba zawadi ya nyama. Njia za panya, kama zinavyoitwa, si zote za wahalifu.

Ni muhimu pia kuondoa dhana kwamba ugonjwa ni kitu kinacholetwa na jirani. Bei ya ng'ombe upande wa Kenya mara nyingi huwa juu, kwa hiyo mifugo mingi huvuka kutoka Tanzania kwenda huko kuliko inavyokuja. Nyamapori nayo hutokana na wanyama wa upande wetu. Watafiti waliochunguza ulaji wa nyamapori kuizunguka Serengeti walikadiria kwamba nyumbu wanaouawa kinyume cha sheria kila mwaka wanafikia takriban 98,000 hadi 140,000. Uchunguzi wa maabara uliofanywa kwa nyamapori kutoka ikolojia hiyo umekuta alama za vijidudu vya jamii ya Bacillus, Brucella na Coxiella, kundi ambalo ndani yake mna visababishi vya kimeta, brusela na homa ya Q. Kwa hiyo afisa wa mifugo wa Migori ana sababu ileile ya kumwogopa Mtanzania kama ambavyo mwenzake wa Tarime ana sababu ya kumwogopa Mkenya.

Sasa tazama safari ya kipande kimoja cha nyama na mamlaka zinazokisubiri njiani. Kwa mujibu wa Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ya mwaka 2003, nyama inayotoka nje ya nchi inahitaji kibali cha mamlaka ya mifugo ya Tanzania pamoja na cheti cha afya kutoka kwa mamlaka ya nchi ilikotoka. Mpakani kuna mkaguzi wa mifugo aliye chini ya wizara yenye dhamana ya mifugo. Kuna ofisa wa forodha wa Mamlaka ya Mapato. Kuna Uhamiaji na Polisi. Kuna ofisa wa afya wa mpakani aliye chini ya Wizara ya Afya. Ubora na usalama wa chakula, uliokuwa mikononi mwa iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa, ulihamishiwa Shirika la Viwango mwaka 2019. Nyama ikishaingia ndani, machinjio na mabucha yanasimamiwa na halmashauri. Ikiwa ni ya mnyama wa porini, wenye neno ni mamlaka za wanyamapori, na tangu mwaka 2020 kuna kanuni zinazoruhusu mabucha ya nyamapori yenye leseni. Na ikishaliwa, ikamfanya mtu augue, inakuwa mali ya mganga mfawidhi wa zahanati. Nyama ni ileile. Aliyebadilika ni mwenye jukumu, na kila anapobadilika kuna nafasi ya taarifa kupotea.

Kwa sababu hiyo Serikali iliweka Dawati la Uratibu wa Afya Moja katika Ofisi ya Waziri Mkuu. Mahali lilipowekwa lina maana. Wizara moja haiwezi kuiamuru wizara nyingine. Mganga mkuu wa wilaya hana mamlaka juu ya daktari wa mifugo wa wilaya, wala huyu hana mamlaka juu ya mhifadhi wa wanyamapori. Anayeweza kuwakalisha meza moja ni yule aliye juu yao wote. Mwaka 2017 wataalamu wa sekta hizo walikubaliana juu ya orodha fupi ya magonjwa ya kupewa kipaumbele miongoni mwa yale yanayotoka kwa wanyama kwenda kwa binadamu, na kimeta, brusela na kichaa cha mbwa vimo ndani yake. Mwaka uliofuata mpango mkakati wa taifa wa Afya Moja ulizinduliwa. Kwa karatasi, basi, nchi imejiandaa vizuri kuliko majirani wengi. Kazi iliyobaki ni umbali ulioko kati ya meza ile ya Dodoma na benchi la zahanati.

Mfano mzuri wa namna ushirikiano unavyoweza kushindwa na kisha kufaulu haupo Sirari bali katika mpaka mwingine wa Tanzania na Kenya, yaani Namanga, mkoani Arusha. Mwishoni mwa Oktoba 2017 vifaranga 6,400 vilivyoingizwa kutoka Kenya bila kibali vilichomwa moto hapo, kwa hoja ya kuzuia mafua ya ndege. Hofu yenyewe ilikuwa na msingi, kwani mwezi Januari mwaka huohuo virusi vya mafua hayo vilikuwa vimethibitishwa kwa ndege nchini Uganda, kandokando ya Ziwa Viktoria. Mwezi huohuo wa Oktoba ng'ombe wapatao 1,300 wa wafugaji wa Kenya walikuwa wamekamatwa upande wa Tanzania na kupigwa mnada. Hatua hizo zilikuwa na nguvu ya sheria, lakini zilizusha malalamiko upande wa pili na mvutano wa kidiplomasia. Mfanyabiashara aliyeona mzigo wa mwenzake ukiteketea ana uwezekano mkubwa wa kujifunza namna ya kupita mahali pengine kuliko kujifunza namna ya kuomba kibali. Katika tiba ya binadamu jambo hili linajulikana vizuri: mgonjwa anayeogopa kukaripiwa huficha dalili.

Juni 2019, mahali palepale Namanga, Jumuiya ya Afrika Mashariki iliendesha zoezi la kuigiza mlipuko wa homa ya bonde la ufa uliovuka mpaka. Kwa siku nne, madaktari wa binadamu, madaktari wa mifugo, maofisa wa forodha, polisi na wasemaji wa serikali za nchi zote mbili walifanya kazi kana kwamba ugonjwa umekwisha kuingia: nani anampigia nani, sampuli inapelekwa maabara ipi, nani anatangaza na kwa maneno gani, magari yanaruhusiwa kupita au la. Mazoezi ya namna hii hayapendezi kwenye picha kama moto. Lakini mtu aliyekwisha kukaa siku nne na mwenzake wa upande wa pili atakuwa na namba yake ya simu siku ya tatizo la kweli.

Homa ya bonde la ufa haikuchaguliwa kwa bahati. Mwishoni mwa 2006 iliibuka kaskazini mashariki mwa Kenya baada ya mvua kubwa, na Januari 2007 ikagunduliwa kwa binadamu kaskazini mwa Tanzania. Hadi Juni mwaka huo, washukiwa 511 walikuwa wameandikishwa katika mikoa 10 ya Tanzania, na 144 kati yao walikufa. Virusi vyake huenezwa na mbu, lakini pia na damu na viungo vya mnyama mgonjwa. Wachinjaji, wachunaji na wanaosaidia mnyama kuzaa au kutupa mimba ndio walio hatarini zaidi. Nyama iliyoiva vizuri si tatizo. Tatizo ni mikono iliyoiandaa. Machinjioni mkaguzi anaweza kumkataa mnyama mwenye homa kabla ya kisu. Nyuma ya nyumba, usiku, kwa mwanga wa tochi, hakuna wa kumkataa.

Nchi tajiri hazijasalimika pia. Mwaka 2001 Uingereza ilikumbwa na ugonjwa wa miguu na midomo ulioanzia kwa nguruwe waliolishwa mabaki ya chakula yasiyochemshwa ipasavyo, na uchunguzi ulielekeza lawama kwa nyama iliyoingizwa kinyume cha sheria. Zaidi ya wanyama milioni 6 walichinjwa ili kuuzima. Mwaka 2007 homa ya nguruwe ya Afrika, ya aina inayopatikana kusini mashariki mwa bara letu, ilitokea Georgia, na inaaminika ilishuka na mabaki ya chakula kutoka melini; kufikia 2018 ilikuwa imefika China. Safari hiyo nyama yenye ugonjwa ilitoka Afrika. Na karne moja nyuma yake sotoka ilikuwa imesafiri kinyume: iliingia kupitia Massawa, Eritrea, mnamo 1887 pamoja na ng'ombe walioletwa kulisha jeshi la Italia, na ndani ya miaka michache ikafagia mifugo na nyati wa Afrika Mashariki. Ilichukua chanjo za miongo mingi, zilizochanjwa kwa ratiba zilizopatanishwa kati ya nchi na nchi, hadi dunia ikatangaza mwaka 2011 kwamba sotoka imetokomezwa. Nyumbu wa Serengeti, waliokuwa kama robo milioni mwanzoni mwa miaka ya 1960, walizidi milioni moja na laki tatu mwishoni mwa miaka ya 1970 baada ya ng'ombe waliowazunguka kuchanjwa. Haikuwa lazima kumchanja nyumbu hata mmoja.

Kinyume chake ni Zimbabwe. Wakati wa vita vya ukombozi huduma za mifugo vijijini zilivunjika, chanjo zikakoma, ukaguzi ukakoma, na kati ya 1978 na 1980 zaidi ya watu 10,000 waliugua kimeta, 182 wakafa. Ni mlipuko mkubwa kuliko wote uliowahi kuandikwa kwa binadamu. Bakteria walikuwepo udongoni kabla ya vita na waliendelea kuwepo baada yake, kwani spora za kimeta hudumu ardhini kwa miongo kadhaa. Kilichoondoka ni daktari wa mifugo. Karibu zaidi na nyumbani, mwaka 2023, wakazi wa Wilaya ya Kyotera nchini Uganda, inayopakana na Mkoa wa Kagera, waliripoti ugonjwa wasioujua wa uvimbe na vidonda kabla maabara haijathibitisha kwamba ni kimeta kilichohusishwa na nyama ya mifugo iliyokufa.

Mambo haya yote, ya Namanga na Kyotera, humrudisha msomaji kwenye benchi la zahanati ya Buhemba, kwa sababu hapo ndipo nyama iliyokwepa kila kizuizi hujitokeza kwa mara ya kwanza katika sura inayoonekana. Kizuizi cha Sirari huzuia nyama inayopita Sirari. Ile iliyopita kwenye shamba la mihogo kwa pikipiki, ndani ya kiroba, haitaonekana na ofisa yeyote hadi itakapoota kigaga cheusi mkononi mwa mtu. Mhudumu wa afya ndiye mkaguzi wa mwisho wa nyama, ingawa hakuna aliyemwambia hivyo alipoajiriwa.

Hali inakuwa ngumu zaidi kwa sababu mgonjwa ana sababu nzuri ya kunyamaza. Kukutwa na nyamapori bila kibali ni kosa linaloweza kumpeleka mtu gerezani. Kununua nyama ya magendo kuna aibu yake, na kuuza kibudu kuna hatari yake. Mhudumu akiuliza kwa sauti ya askari, mbele ya foleni, “Ulikula nyamapori?”, jibu atakalopata ni hapana, na hapana hiyo itaandikwa kwenye faili kana kwamba ni ukweli. Akimketisha pembeni na kusema, “Kijana wangu, sitaki jina la mtu. Nataka kujua tu kama ulishika au ulikula nyama ya mnyama aliyejifia, au isiyo na muhuri, ili nijue dawa ya kukupa na nani mwingine anahitaji dawa,” mazungumzo huwa mengine. Siri ya mgonjwa hailindwi kwa ajili ya heshima tu. Bila hiyo mfumo mzima wa taarifa hauna chakula. Ushirikiano wa sekta usifasiriwe kuwa zahanati ni tawi la kituo cha polisi. Taarifa inayopaswa kwenda kwa afisa mifugo ni mahali na aina ya mnyama, si jina la aliyekula.

Mfugaji naye asilaumiwe haraka. Ng'ombe aliyekufa ghafla ni ada ya shule iliyokufa ghafla. Akitoa taarifa, ataambiwa amzike au amchome, na hana uhakika wa kupata fidia yoyote. Akinyamaza, atapata angalau nusu ya bei kabla ya jua kuchomoza. Hadi hesabu hiyo ibadilike, mahubiri hayatatosha. Chanjo ndiyo nafuu ya kweli hapa, na Tanzania ina bahati ya kutengeneza chanjo ya kimeta humu humu nchini, Kibaha, chini ya Wakala wa Maabara ya Veterinari. Ng'ombe aliyechanjwa kila mwaka hamwachii mwenyewe uamuzi wa alfajiri wa kuchagua kati ya hasara na dhambi.

Mfugaji au mnunuzi anaweza kuitambua hatari kwa macho. Mnyama aliyekufa ghafla bila kuonekana mgonjwa, akavimba tumbo upesi, akatoka damu nyeusi isiyoganda puani, mdomoni au njia ya haja kubwa, na mwili wake usikakamae kama kawaida, asipasuliwe kabisa. Kupasua ndiko kunakowapa bakteria hewa, na wakipata hewa hujigeuza spora. Kukausha juani na kufukiza kwa moshi hakuui spora, na kuchemsha kwa kawaida jikoni si dhamana. Isitoshe, aliyeikata nyama mbichi amekwisha kuguswa kabla maji hayajachemka. Akiwa na mashaka, mwananchi anaweza kupiga namba 199 ya Wizara ya Afya bila malipo, au kumwita afisa mifugo wa kata.

Kwa mhudumu, mambo machache yana uzito kuliko mengine. Kidonda kinachoshukiwa kuwa cha kimeta kisikatwe wala kukwanguliwa, kwa maana upasuaji unaweza kusambaza bakteria. Sampuli ichukuliwe kabla ya dozi ya kwanza, ikiwa inawezekana bila kuchelewesha tiba. Siprofloksasini na doksisaiklini hutumika sana kwa mtu mzima, na penisilini bado ina nafasi yake pale bakteria wanapoonekana kuathiriwa nayo. Kipimo na muda vifuate mwongozo wa taifa, hasa kwa wajawazito na watoto. Uvimbe wa uso au shingo, homa kali, kuchanganyikiwa au dalili za tumbo ni sababu ya rufaa ya siku hiyohiyo, ambayo kwa Buhemba humaanisha hospitali ya wilaya au Hospitali ya Rufaa ya Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere mjini Musoma. Kimeta kwa kawaida hakiambukizi kutoka mtu kwenda mtu, kwa hiyo hakuna haja ya kumtenga mgonjwa wala kuwafukuza ndugu zake. Taarifa yake ni ya ndani ya saa 24, tena kwa mshukiwa, bila kungoja jibu la maabara.

Brusela ni mjanja zaidi kwa sababu haina kigaga cha kuonyesha. Hutokana hasa na maziwa mabichi, lakini pia na damu, kondo la nyuma na viungo vya mnyama mgonjwa. Homa inayokuja na kuondoka, jasho la usiku, maumivu ya mgongo na viungo kwa wiki kadhaa, kwa mtu ambaye amekwisha kumeza dawa ya malaria mara mbili, ni historia inayotosha kumfanya mhudumu aulize habari za mifugo. Utafiti uliofanywa Moshi mwaka 2007 na 2008 kwa wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa unafundisha jambo: 528 kati yao walipewa jina la malaria, lakini waliokuwa nayo kweli walikuwa 14. Mkoa wa Mara una malaria nyingi kuliko Moshi, kwa hiyo takwimu hizo zisihamishwe jinsi zilivyo. Mtoto wa Buhemba mwenye homa apimwe malaria kwanza, bila mjadala. Ila kipimo kikiwa hasi, mganga asimpe mgonjwa dawa ya malaria kwa sababu tu hana jina jingine la kumpa. Tiba ya brusela huchukua wiki sita kwa dawa zaidi ya moja, na anayeikatiza baada ya wiki mbili kwa kuwa amepata nafuu hurudi.

Katika zahanati nyingi ukutani pamebandikwa namba ya gari la wagonjwa na ya mganga mkuu wa wilaya. Namba ya afisa mifugo wa kata haipo, na katika ofisi ya afisa mifugo namba ya zahanati haipo. Gharama ya kulirekebisha jambo hilo ni karatasi moja na dakika moja. Kutoka hapo taarifa hupanda: mratibu wa ufuatiliaji wa magonjwa wa wilaya, mkoa, wizara mbili, na kwa mujibu wa Kanuni za Afya za Kimataifa za mwaka 2005, Shirika la Afya Duniani. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sokoine wametengeneza programu ya simu iitwayo AfyaData, inayomwezesha hata mhudumu wa jamii kutuma taarifa ya tukio kwa binadamu na kwa mnyama kwa pamoja. Lakini palipo na mtandao dhaifu, simu ya kawaida ya mganga kwa afisa mifugo, “Nina mtu hapa mwenye kidonda cheusi, je, kuna ng'ombe waliokufa huko?”, imewahi kutosha mahali pengi duniani. Jibu likiwa ndiyo, wanyama waliobaki huchanjwa, mzoga hufukiwa, na mwenzao wa Isebania hupigiwa simu.

Kijana wa mfano ule, akiulizwa vizuri, huenda angesema kwamba nyama aliinunua kwa mtu wa pikipiki aliyekuja kutoka upande wa Tarime, kwamba yeye ndiye aliyeikata, na kwamba waliokula pamoja naye ni wanne. Hao wanne wako shimoni kazini, na mmoja wao tangu jana analalamika tumbo. Ndiye wa kutafutwa kwanza, kabla ya jioni.